Moshi Usio na Mwenyewe

Mwaka wa tisini na nne, kiwanda kimoja cha minofu ya samaki aina ya mbuta mjini Kisumu kiliacha kuchemsha maji kwa kuni. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wamesema hawataki biashara ya samaki yenye moshi, kuanzia mtumbwini hadi kwa mtu wa mwisho anayegusa mfupa. Kiwanda kikaweka boila ya umeme, kikajipongeza, na kuni zilizobaki kikawagawia akina mama wa mtaa wa Obunga.

Mtu wa mwisho kugusa mfupa alikuwa Maximilla. Alichukua kiwandani mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki na nyama kidogo baada ya minofu kukatwa, akaikaanga na kuuza. Ndiyo iliyolisha watoto wake.

"Mama, moshi wako unatuharibia jina," Wakhisi, msimamizi wa hewa safi kiwandani, alimwambia.

"Kuni si mlinipa nyinyi?"

"Sasa ni zako. Ukizidi kuzichoma, mifupa basi."

"Nikaange na nini, jua?"

Wakhisi akaenda kufikiri, akarudi anameta. Mtu asiyepewa kitu hayumo kwenye biashara, na moshi wake hauhesabiwi! Kwa hiyo kiwanda hakitampa mtu mifupa. Kitaitupa tu nje ya ukuta. Maximilla naye atakuwa amesimama hapo kwa bahati, macho barabarani, karai kichwani.

Wakafanya hivyo. Mifupa iliruka ukuta ikatua karaini, naye hageuki, hata siku kichwa cha mbuta kilipompiga begani. Moshi ulipanda uleule, mweusi vilevile, ila sasa haukuwa na mwenyewe.

Wageni wa Ulaya walipokuja, mama mmoja wa miwani aliona mgongo mzima ukipaa hewani.

"Yule ni nani?"

"Hatumjui, madam. Mpita njia."

Maximilla alijua akigeuka huenda asiione mifupa tena. Akageuka.

"Wakhisi! Hunijui? Na jana ulikula kwangu mpaka ukalamba vidole?"

Mgeni alicheka, kisha akaacha kucheka. Kiwanda hakitapata cheti cha kuuza Ulaya, akasema, mpaka mama huyu apewe mifupa mlangoni na moshi wake upunguzwe.

Alhamisi iliyofuata Wakhisi alikuwa Obunga, suruali imekunjwa hadi magotini, akikanyaga udongo wa jiko linalokula kuni chache.

"Ongeza maji, Bwana Hatumjui," Maximilla alimwambia. "Huo bado mgumu."