Verlene Stotts na Kishikio cha Plastiki

Verlene Stotts aliua nguruwe pori kama watu wengine wanavyopalilia, bila chuki na bila kupumzika. Shamba lake la karanga liko bondeni, kando ya Mto Mwekundu, upande wetu wa Texas. Karanga zikianza kukomaa, nguruwe hutoka vichakani kundi zima, na asubuhi unakuta matuta yamepinduliwa huku mashina yakiwa juu. Mumewe alikwisha kufariki. Alimwachia bunduki, jibwa jike liitwalo Ruby, na kazi yote. Wa kumsaidia alikuwa Garland, mdogo wake, aliyewahi kuwa jeshini ujanani na hakuwahi kurudi uraiani sawasawa.

Bunduki zao zilikuwa za aina moja, ila zilitofautiana kwenye kishikio cha mbele, na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Cha Verlene kilikuwa kile cha kawaida, gamba la plastiki linalofunika mtutu ili mkono wa kushoto usiungue. Cha Garland kilikuwa cha chuma chenye reli pande zote nne, mtu aweze kufunga juu yake chochote anachokitaka. Garland alitaka kila kitu. Alifunga tochi, leza, mpini wa kusimama wa kushikia, na miguu miwili ya kuegemezea.

"Mdogo wangu, hiyo ni bunduki au mti wa Krismasi?" Verlene alikuwa akimuuliza karibu kila walipokutana.

"Cheka, dada. Siku ukihitaji tochi utaifunga wapi? Puani?"

"Mimi naua mchana. Jua halitaki betri."

"Hilo plastiki lako litakufia mkononi, nakwambia."

"Na hilo chuma lako litakuvunja mgongo kabla hujaona hata mkia wa nguruwe."

Walibishana hivyo hata dukani kwa Odell Pruitt, anayetuuzia bunduki na chambo cha samaki. Odell alikuwa akitikisa kichwa tu. "Mimi nauza vyote viwili. Msinichonganishe na tumbo langu."

Asubuhi ya balaa, Garland alilipiga dume kubwa la nguruwe pembezoni mwa shamba. Risasi ililiingia tumboni. Dume likapiga ukelele, likaingia kwenye kichaka cha miba huku likiacha damu nyeusi kwenye majani. Kwetu huku mtu hamwachi nguruwe aliyejeruhiwa. Nguruwe huyo anaweza kumvamia mtoto wa jirani.

"Toa hayo madude kwanza," Verlene alimwambia. "Mle ndani ni mizabibu mwitu mitupu, inanasa kila kitu."

"Nikitoa leza nitapoteza shabaha."

"Hatua tano mbele huoni, shabaha ya nini?"

Garland akainama. Akatangulia.

Ruby alikuwa ameshaingia. Walimsikia akibweka bila kupumua, kama mbwa anavyobweka akiwa amemzuia mnyama mahali. Kisha akalia mara moja, na kichaka kikanyamaza. Walimkuta amepasuliwa kuanzia kifuani hadi mapajani, matumbo yako nje mchangani, na bado alikuwa akijaribu kujilamba. Verlene alimpiga risasi ya kichwa. Hakulia. Alisema tu, "Endelea."

Dume halikuwa mbele yao. Lilikuwa limezunguka, likawasubiri ubavuni, na likaja kimya. Garland aligeuka upesi kama alivyofundishwa, lakini mizabibu ilikuwa imenasa katikati ya mpini na miguu ile miwili. Bunduki ikafika nusu ya safari, ikagoma. Akaivuta, nayo ikavutwa na kichaka kizima. Dume likampiga pajani, likamrusha, kisha likamrudia alipoanguka, likitupa kichwa juu, chini, juu, na kila mara meno yake yaliyopinda yalitoka na nyama.

Verlene aliinua bunduki yake. Ilipanda bila kugusa kitu. Ila kila alipolenga aliona bega la Garland, au mkono wa Garland, au uso wa Garland, kinywa wazi. Akasubiri. Baadaye aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuna kitu kilichomuumiza kama kule kusubiri. Dume lilipoinua kichwa, akafyatua. Risasi ikavunja bega.

Likamgeukia yeye. Likamwangusha chali, akalisukumizia bunduki kinywani, na meno yakaibana kishikioni. Plastiki ikapasuka kama ganda la yai. Alifyatua huku mtutu ukiwa umelala shavuni mwa dume. Risasi ikatoka, ikang'oa sikio. Akafyatua tena. Kimya. Dume lilikuwa limekibana kile kibomba chembamba cha gesi kinachopita juu ya mtutu, na bila gesi bunduki ile haijipakii yenyewe. Povu lenye damu lilikuwa likimdondokea machoni. Akapapasa, akavuta kishikizo cha kupakia kwa mkono, akasukuma mtutu hadi ukagusa jicho, akafyatua.

Lilimwangukia miguuni, zito kama gunia la mchanga lililoloa.

Garland alikuwa akitokwa na damu iliyoruka kwa mapigo ya moyo. Verlene akafungua mkanda wa bunduki, akamfunga juu ya jeraha, lakini mkono mtupu haukutosha kuukaza. Akalegeza skrubu ya ule mpini wa kusimama, akauchomoa kwenye reli, akaupitisha ndani ya mkanda, akausokota mpaka Garland akapiga yowe na damu ikakoma.

"Unaona?" Garland alinong'ona, midomo myeupe. "Nilikwambia ... reli ina kazi yake."

"Nyamaza, mjinga wewe. Usinifie."

Hospitalini waliuokoa mguu, ila wayo haukurudiwa na hisia. Verlene alishonwa mikononi. Alipopona alimpelekea Odell bunduki yake. Odell akapitisha kidole kwenye matundu ya meno, akapiga mluzi, kisha akamwekea mezani vishikio viwili vipya. Verlene alikipima kile cha chuma mkononi kwa muda mrefu. Akakirudisha. Akachukua cha plastiki.

Garland alikasirika kweli kweli. "Limekuvunjikia mdomoni mwa nguruwe, na bado unalinunua?"

"Nilipoinua bunduki yangu, ilikuja juu. Yako haikuja."

Neno likishatoka halirudi. Garland, aliyekuwa bado kitandani, aligeuzia uso ukutani, na hawakusemeshana mavuno yote. Verlene alivuna peke yake, akachimba peke yake kaburi la mifupa ya Ruby, na aliporudi vichakani kuwinda mara ya kwanza alimkosa nguruwe aliyekuwa wazi kabisa.

Asubuhi moja ya baridi akalikuta gari la Garland limeegeshwa ukingoni mwa shamba. Garland alikuwa ameketi nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, na mkongojo wake, na birika la kahawa, na biskuti za moto, vile vimkate laini vya kwetu, na mchuzi mzito kwenye bakuli.

"Niliogopa," alisema, kabla hata hajasalimiwa. "Nilinasa, na niliogopa kama mtoto."

"Hata mimi."

"Ulichelewa sana kupiga, dada."

"Ulikuwa mbele ya mtutu wangu, Garland."

Garland aliitikia kwa kichwa. Kisha akammiminia kahawa, akamsogezea bakuli, wakala, huku upande wa mto nguruwe wakisikika wakivunja matete.