Jumla ya Mbuzi wa Nuu

Kalunde alirudi kutoka Mwingi akiwa na cheti, kalamu mbili na kompyuta ya mradi wa mifugo. Alikuwa amepelekwa kwenye mafunzo ya siku tatu ya kutengeneza hifadhidata kwa Excel. Siku ya kwanza washiriki walijitambulisha na kuandika matarajio yao kwenye karatasi kubwa ukutani. Siku ya pili matarajio yalijadiliwa, kuku akaliwa. Siku ya tatu, kati ya chai ya saa nne na picha ya pamoja, wakafundishwa Excel.

Mimi ni Samatar, nina duka hapa sokoni Nuu, na haya nayajua kwa sababu sola yangu inafanya kazi. Kalunde, ambaye ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa mbuzi, aliweka kompyuta juu ya kaunta yangu, kati ya mzani na mkebe wa peremende, akahamia hapo. Sikumkaribisha. Sikumfukuza pia, maana nami nina mbuzi, na homa ya mapafu ilikuwa imeshaua mbuzi kata ya jirani. Mradi ulikuwa na chanjo ya kutosha. Lakini kwanza, wakasema, data.

Kalunde ana miaka hamsini na miwili na aliachia shule darasa la saba. Alipewa ukatibu kwa ajili ya mwandiko wake mzuri, na sasa mwandiko haukumsaidia kitu. Alichapa kwa kidole kimoja, akibonyeza kila herufi kama mtu anayebonyeza jipu. Siku nzima ya kwanza aliandika wanachama wote ndani ya kisanduku kimoja. Siku ya pili akagundua kuna visanduku vingine. Siku ya tatu alikuwa na safu nne zilizonyooka vizuri: jina, kijiji, simu, idadi ya mbuzi. Alifurahi akaninunulia soda kutoka kwenye friji yangu mwenyewe.

Kisha akaanza kuita wanachama, na hapo ndipo tulipoona kile ambacho wakufunzi wa Mwingi walisahau kuuliza. Mkamba mwenye heshima zake hatamki idadi ya mifugo yake, wala ya watoto wake. Ukihesabu umeita balaa. Kesho ukihesabu tena unakuta pengo. Siwacheki. Kwetu kaskazini mashariki, muulize mzee ana ngamia wangapi, naye atakuuliza wewe ni serikali au ni mwizi.

"Niandike wangapi?" Kalunde alimuuliza Kanyiva, mjane anayekaa karibu na mto.

"Andika wako."

"Wako wangapi?"

"Wanapita wa pastor kidogo."

Pastor Nzioka mwenyewe, ambaye amehubiri dhidi ya ushirikina mpaka sauti ikakauka, aliegemea kaunta akatazama juu. "Andika Bwana amenibariki," akasema.

Mzee Mbaluka, mkubwa kuliko wote kikundini, hakutaka hata kukaa. "Mwaka wa themanini na nne karani alikuja akahesabu mbuzi za ndugu yangu," alisema. "Ukame ukakuja ukamaliza hesabu yote. Andika ziko nyumbani, mwiitu." Huwaita wanawake wote walio chini ya miaka sabini mwiitu, yaani binti.

Kalunde ni katibu mwaminifu, na ndiyo shida yake. Aliandika kila jibu lilivyotoka. Wapo. Wa kutosha. Bwana amenibariki. Alipomaliza akaweka ile fomula ya kujumlisha aliyofundishwa, akabonyeza, na chini ya safu ya mbuzi kompyuta ikaandika sifuri.

Nilimwambia aweke makadirio. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia aibe sadaka. "Hiyo ni kupika data, Samatar. Tulifundishwa saa nzima. Na mwalimu alisema kompyuta haikosei." Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho. Akatuma.

Jumamosi jibu likaja kutoka kwa Bwana Kiema, afisa wa data wa mradi. Alimpongeza Kalunde kwa kuleta ripoti kwa wakati. Akaendelea kusema kwamba, kwa kuwa Nuu haina mbuzi, chanjo zimeelekezwa kwingine. Mwisho akaomba hadithi fupi ya mafanikio, pamoja na picha. Huyu Kiema, mwezi mmoja nyuma, alikuja kuzindua mradi hapa hapa, akala mbuzi wetu mpaka akafungua kifungo cha suruali.

Kalunde alimpigia simu mbele yangu, akaweka sauti ya nje.

"Bwana Kiema, mbuzi ziko! Naziona hapa nje zinakula karatasi."

"Mama, mimi nakuelewa, lakini system inasoma zero. Mimi siwezi kubishana na system."

"Si ulikula moja?"

"Nitumie data ikiwa safi. Kuna chupa zimebaki, lakini Jumatano zinatoka."

Wikendi hiyo mbuzi wa Nuu wakaanza kukohoa. Ukisikia mbuzi akikohoa usiulize kama homa ni kali. Unahesabu siku tu. Kalunde alikaa kwenye kaunta akalia waziwazi, wateja wakimwona, akasema ameua mbuzi wa watu kwa kidole chake. Nilikasirika mpaka nikamuuzia mtu chumvi badala ya sukari.

Jumatatu asubuhi Kanyiva aliingia akiulizia mbuzi wake aliyepotea. "Mweupe, ana doa jeusi shavuni, mama yake ni ile nilinunua kwa jirani yangu Awo, na anapenda kupiga watu na kichwa." Kalunde, kwa mazoea tu, akayachapa yote kwenye mstari mmoja. Kisha akamtazama Kanyiva kwa muda.

"Na mwingine?"

Kanyiva akamtaja mwingine. Akamtaja na wa tatu, na tabia yake, na ukoo wake. Alisimama pale nusu saa bila kupumua vizuri. Hakuna mtu hapa anayekubali kusema ana mbuzi wangapi, lakini hakuna asiyeweza kukusimulia mbuzi wake mmoja mmoja mpaka duka lifungwe. Kalunde akafungua ukurasa mpya: jina la mbuzi, rangi, mwenyewe, hali. Mbuzi mmoja, mstari mmoja. Kumbe hilo walifundishwa kule Mwingi, akakumbuka, wakati mpiga picha alikuwa anawaita nje.

Kufika mchana foleni ilikuwa imefika kwa fundi wa viatu. Tulimwandika Chifu, anayeingia boma za watu bila kualikwa. Tulimwandika Mwalimu, kwa sababu ya ndevu. Pastor aliomba dume lake liandikwe Beberu tu, na mkewe nyuma yake akasema kwa sauti, "Anaitwa Shetani." Namba ambazo kompyuta huweka yenyewe pembeni mwa mistari Kalunde alizifunika kwa karatasi na selotepu, ili mtu asizione kwa bahati mbaya. Kama ni dhambi, iwe ya kompyuta.

Orodha ilienda Jumanne jioni na chanjo zikafika Alhamisi. Nasema mapema nisikuweke roho juu. Kiema aliandika kwamba hiyo ndiyo data safi kuliko zote alizowahi kupokea.

Wa mwisho kuandikwa siku ile ya Jumanne alikuwa Mzee Mbaluka. Safari hii alikaa, juu ya gunia la maharagwe. Alitaja mbuzi wake polepole, kila mmoja na mama yake, na Kalunde akawaandika kwa vidole vinne. Nilitegemea tukae mpaka jioni, maana zizi la Mbaluka linajulikana. Akanyamaza mapema.

"Hao wote ni wazima?" Kalunde akauliza, akijaza safu ya hali.

"Hao nimekutajia ni wazima."

"Kuna wengine, mzee?"

"Walikuwa. Tangu Jumamosi."

Kalunde alitoa mikono kwenye kompyuta. Akasema pole, kisha akasema yeye ndiye aliyetuma ile sifuri, na mzee akaitikia kwa kichwa kwamba anajua. Akaomba amtajie na hao pia, awape mistari yao.

"Hao haina haja ya majina," Mbaluka akasema, akiinuka. "Hao sasa unaweza kuhesabu, mwiitu. Ni kumi na moja."