Mama Aliyemshusha Mgombea Mabegani

Saa tatu asubuhi, chumba namba mbili cha mahakama kimejaa hadi madirishani. Mlangoni amesimama mama mwembamba, koti jeusi limempwaya, anameza funda la maji ya uvuguvugu. Anavuta pumzi, anapaza sauti, na wakili aliyekuwa akisinzia kwenye benchi anaruka kama aliyefinywa.

Hapa wanamwita Spika. Kazi yake ni kuita watu wa kesi. Utaratibu ni mara tatu, pale mlangoni. Mleta kesi asipotokea, kesi yake inafutwa.

"Mwanzoni walinicheka," anasema. "Eti kamwili haka kataita nani? Nikawaambia, ngojeni."

Mumewe anaapa kwamba nyumbani humsikii hata akiomba chumvi. "Sauti yote anaimalizia serikalini," analalamika huku akicheka.

Wiki iliyopita sauti hiyo nusura imponze. Mgombea mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa ameondolewa jina kwenye karatasi za kura, tume ikidai alichelewa kurudisha fomu. Akakimbilia mahakamani lirudishwe. Karatasi zilikuwa zinachapwa kesho yake, kwa hiyo ni siku hiyo au basi tena.

Spika akaita mara ya kwanza. Balaa! Wafuasi waliojazana getini kusikia jina la mtu wao, wakalipuka kwa nyimbo. Akaita ya pili, matarumbeta yakazidi. Kuchungulia dirishani, hakuamini macho yake: wamembeba mwalimu wa watu juujuu, wanaelekea naye barabarani kwa shangwe. Yeye anarusha mikono kuonyesha mahakama, wao wanadhani anawapungia.

"Jamani, sikujua nicheke au nilie," anasimulia. "Mtu anafutiwa kesi na wanaompenda!"

Wakili wa tume alikuwa ameshasimama kuomba kesi ifutwe. Spika haruhusiwi kuacha mlango, wala kuongeza neno juu ya jina. Tena ni kibarua, mwaka wa nne sasa, na karani mkuu alikuwa amemwambia kwamba wiki hiyo ndiyo ya kuamua kama ataajiriwa au ataenda zake.

Akatoka hadi kwenye roshani.

"Mshusheni! Mnampeleka wapi, na kesi yake iko huku?"

Nyimbo zikakatika, wakamtua. Mwalimu akapanda ngazi mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo.

Wakili wa tume akaja juu: mwitaji amependelea upande mmoja! Jaji akamuuliza Spika kwa nini ameacha mlango. Akajibu:

"Mheshimiwa, mlangoni nimeita mara mbili, kelele zimenizidi. Ya tatu nikamfuata alipo. Hata angekuwa mtu wa tume, ningemwita hivyohivyo."

Jaji akasema kesi iendelee. Jioni ikaamuliwa jina lirudishwe.

Mwalimu alipokuja kumshukuru, alipewa jibu lake: "Pole kwa kiatu, baba. Ila kura yangu sijakuahidi."

Karani mkuu alimnunia siku mbili nzima. Jana akamwambia alete vyeti, ajira yake imepita.

Binti yake yuko darasa la tano. Akiulizwa shuleni mama anafanya kazi gani, huinama na kujibu, "Kibarua."

"Sasa nataka ajibu, mama yangu ameajiriwa mahakamani," anasema Spika. "Tena asimame, aseme kwa nguvu, darasa zima lisikie."