Kuchoka Mara ya Pili

Nimeyaficha haya miaka mingi, na wanaoyajua pale Bondeni wamenistahi kwa kuyacheka nikiwa nimeshapita, lakini mzee akikaribia kuondoka hupunguza mizigo, basi nami nautua huu: mimi ndiye niliyemtoa kazini mume wa dadangu, na silaha yangu ilikuwa herufi mbili tu za Kizungu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Shemeji yangu Athmani alikuwa mnyapara wa godauni moja la chai karibu na bandari, na miezi ile meli zilifuatana bila kupumua, hata akawa akirudi nyumbani analala na viatu. Mwezi wa nyuma aliomba kwa mdomo siku saba apumzike, meneja akamnyima, akamwambia maombi huandikwa, tena kwa Kizungu. Akaja kwangu barazani, maana mimi ndimi niliyefika kidato cha nne, na mtaani wakiniita Maalim (sikuwahi kumfundisha mtu chochote, lakini jina likikupendeza hulikatai).

"Maalim, mwandikie yule bwana. Mwambie nimechoka. Siku saba tu, kisha narudi kazini kwangu."

Nikashika kalamu, na kiburi kikanishika mimi. Neno "tired" nililijua, lakini hata watoto walilijua, nikaona haya kulitia katika barua ambayo watu wangejua ni yangu. Nikatafuta zito zaidi. "Exhausted" nikalikataa, kwa kuwa ndani yake nilisikia ekzosi, na sikutaka shemeji yangu aonekane anatoa moshi. "Expired" nilikuwa nimeliona kwenye mikebe ya maziwa ya kutupwa. "Finished" ni la sahani ya pilau. Ndipo nikakumbuka kwamba shuleni tuliambiwa "re" mbele ya neno maana yake ni kufanya tena, na Athmani si alichoka mwezi uliopita, na sasa amechoka tena? Nikaandika kwa mwandiko wa kuunganisha: "I am now retired." Nikamsomea.

"Maashallah," akasema, "limekaa vizuri." Akatia sahihi.

Siku ya tatu jibu likaja. Meneja aliikubali "retirement" yake kwa masikitiko, na kumtaka Ijumaa alasiri aje godauni na jamaa zake kwa karamu. Nikamfasiria bila kusita: "Amekubali uchovu wako, tena ameusikitikia, akufanyia na karamu!" Dadangu Rukia akapiga vigelegele, akawatangazia jamaa mpaka wa Majengo kwamba Kizungu cha kakake kina baraka.

Tukaenda, mimi na kanzu na koti. Godauni limefagiliwa, soda na sambusa zimepangwa juu ya makasha ya chai, na saa ya ukutani, zawadi yake, imefungwa utepe. Meneja alikuwa mtu wa bara ambaye Kiswahili chake kilitosha kununulia mboga tu, akaniomba nimfasirie hotuba (mimi, mbele ya makuli wote!). Akasema Athmani amefanya kazi miaka ishirini na miwili, sasa aende nyumbani akapumzike. Nikafasiri barabara, Athmani akaitikia kwa kichwa. Kisha meneja akasema, "Here is his replacement," nami nikaitambua ile "re" yangu, nikatangaza kwa sauti:

"Arudishwa mahali pake!"

Makuli wakatazamana. Akainuka bwana mmoja mwenye mabega mapana, akampa Athmani mkono, na mkono wa pili ukashika funguo zilizoning'inia kiunoni mwa Athmani.

"Weye! Funguo zangu wazipeleka wapi? Wiki ijayo nitafungulia nini?"

Bi Wanza, karani wa ofisi, akamwambia kwa upole, "Baba, si umestaafu? Umeandika mwenyewe, retired."

Godauni likalipuka. Kuli mmoja akapaza sauti, "Maalim, nami niandikie, nimechoka mara tatu!"

"Mara tatu wazikwa!" mwenzake akamjibu.

Dadangu hakucheka. Alikuwa ameipakata ile saa, akaniuliza polepole, "Kaka, sambusa hizi wanangu watazila mpaka lini?"

Nikasimama nikamweleza meneja yote, kwamba Athmani hajui hata neno moja la barua ile na ujinga ni wangu peke yangu. Alicheka mpaka akavua miwani, lakini yule bwana wa mabega mapana alikuwa ameshaandikwa mahali pa Athmani. Athmani akarudi kazini Jumatatu, si mnyapara tena bali mpanga makasha chini ya bwana yule, na zile siku saba hakuzipata. Hakunitukana hata siku moja. Laiti angenitukana.

Mimi tangu hapo sijamwandikia mtu barua, na nikiitwa Maalim hugeuka nyuma kumtazama anayeitwa. Athmani alipanga makasha miaka mitano, na alipostaafu kweli hakuniacha niguse kalamu. Aliandika mwenyewe, kwa Kiswahili, neno moja: Nimechoka. Wakamwelewa papo hapo. Karamu hawakumfanyia, walisema yake ilishaliwa.