Mguu Aliouficha Kabiru

Mwaka wa 2007, hapa Kikopey, hakukuwa na mchoma nyama aliyependwa na wateja kama Kabiru, wala aliyenikasirisha kama yeye. Mimi huuza kachumbari mlangoni mwa bucha lake, kwa hivyo haya niliyaona kwa macho yangu.

Pikipiki ilikuwa imemvunja muundi, na mfupa ukaingia usaha. Sindano zikashindwa kuumaliza. Mwishowe, huko Nakuru, Daktari Vidya alikwangua sehemu iliyooza, na lile shimo akalijaza tembe nyeupe, ndogo kama punje za mahindi, zilizochanganywa na dawa. Zingeyeyuka polepole, dawa ikifanya kazi palepale mfupani, na mfupa mpya ungeota mahali pake. Lakini alimwonya: usaha ukirudi, huenda mguu ukakatwa.

Aliporudi nyumbani, Kabiru akaanza kufua suruali zake mwenyewe. Kabiru! Mwanamume ambaye hata kikombe chake hakuwahi kukisuuza. Siku ya kliniki akasingizia kazi. Majirani wakacheka, wakasema amepata mpango wa kando, anaficha alama za mwanamke wa nje. Mkewe, Wachuka, hakucheka. Alinishika mkono tukamfuata nyuma ya nyumba, akampokonya beseni. Suruali ilikuwa na madoa meupe.

"Baba Shiru, hii ni nini?"

"Usaha imerudi." Kabiru alilia bila kuona haya. "Wakiona watakata. Nilitaka tu nikae na mguu yangu kidogo."

Mimi nilitaka kumzaba kofi. Wachuka aliketi kwenye matope, akaukumbatia ule mguu, bandeji na yote.

"Mimi sikuolewa na mguu," akamwambia. "Kesho tunaenda Nakuru."

Tulienda sote watatu. Daktari alifungua bandeji, akakagua kidonda, akampeleka Kabiru kupigwa picha. Daktari alipoitazama picha hiyo, akatabasamu.

"Mzee, hii si usaha. Ni zile tembe zinayeyuka, maji yake inatoka nje. Mfupa yako inaota vizuri. Lakini usiwahi kunificha tena. Ingekuwa usaha, ungepoteza mguu kwa kunyamaza."

Daktari akampa Kabiru magongo, akamwambia ajaribu kukanyaga, kidogo tu. Akakanyaga, uso ukamkunjamana.

"Inauma?" Wachuka akauliza.

"Inauma sana," akasema Kabiru huku machozi yakimtiririka. "Wacha iume. Ni yangu."