Ukweni walivyotaka kunifumania kwa mapigo ya moyo

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga. Asiyeamini apite kimya kimya, sina nguvu za kubishana.

Mwaka jana nilianza kukonda huku nakula balaa. Wali samaki nimemaliza, muda si mrefu naulizia mihogo.

Jasho, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, macho yamenitoka. Moyo ndiyo usiseme, unadunda mpaka fulana inacheza.

Mke wangu akajumlisha mambo yake: usiku halali, simu ikilia anashtuka, anakonda. Jibu: nina mwanamke! Nikaapa weee, wapi. Akafungasha, akaenda kwao Pongwe.

Roho iliniuma, wakuu. Nampenda yule mwanamke, sikutaka aondoke.

Nikaitwa kikao ukweni. Nikaingia mtandaoni kutafuta utetezi, nikakuta makala kwenye jarida moja kubwa la utafiti wa tiba. Dalili zangu zote zipo! Kumbe kuna thyroid, tezi ya shingoni, ikizidisha kazi inaukimbiza moyo. Nikaprinti jarida zima, nikajiona wakili.

Nimefika, shikamoo zangu zinaitikiwa kwa kuguna. Nikamkabidhi baba mkwe jarida. Akaligeuza geuza.

"Hawa walioandika wanakujua?"

"Hawanijui, baba."

"Sasa ushahidi gani huu?"

Mama mkwe akalichukua, akawa anajipepea nalo.

Hapo shangazi yake mke wangu akaja na kipimo chake. Akaniwekea kiganja kifuani. Ati atataja wanawake wa mtaani kwetu mmoja mmoja, moyo utakaporuka, ndiye huyo.

Akamtaja muuza vitumbua. Moyo mbio! "Ahaa!" wakasema wote.

Akamtaja ustadhati wa madrasa. Mbio. Astaghafirullah zikajaa sebuleni.

Mjane wa jirani. Mbio. Mke wangu akaanza kulia, nami machozi yananilenga.

Baba mkwe akasema, "Hebu mtaje mama mkwe wake." Mbio vilevile! Jarida likamdondoka mama wa watu.

Shangazi akajaribu bibi yao, marehemu siku nyingi. Mbio.

Akautoa mkono taratibu. "Jamani, huyu hana mwanamke. Huyu anakufa."

Wa kwanza kusimama alikuwa mke wangu. Alinikokota mpaka hospitali bila hata viatu. Damu ikapimwa, ni tezi kweli, na daktari akasema moyo ulishaanza kupoteza mpangilio. Ningezidi kuchelewa, uzi huu msingeusoma.

Funzo: mkuu, ukikonda huku unakula na moyo unakwenda mbio, kapime damu. Na jarida mpelekee daktari, usimpelekee baba mkwe.

Sasa naomba ushauri wenu. Dawa zimekubali, nimenenepa, mapigo yametulia, mke yupo nyumbani.

Juzi kaniwekea sikio kifuani. Akasikiliza weee, kisha akanuna.

"Zamani nikikaa karibu nawe ulikuwa unadunda. Siku hizi kimya. Nani kakutuliza?"

Jumapili naitwa tena Pongwe. Mliooa huku pwani, safari hii niende na nini?