Muuguzi aliyekataa kahawa

Juzi, hapa Ibra, Omani, nilikwenda kumjulia hali kijana wa jirani aliyezidisha dawa za kulevya akakata pumzi. Muuguzi wa nyumba ya pili alikimbilia kituo chake cha afya, akachukua sindano ya kuvunja nguvu ya dawa zile, akamchoma bila ya kumngoja daktari. Kijana akazindukana. Baba yake, badala ya kushukuru, akasema atamshitaki. Nani kampa ruhusa?

Nilimkuta muuguzi huyo kaketi, kikombe cha kahawa kakiweka chini.

"Kunywa, mwanangu, inapoa," mama wa kijana alimbembeleza.

"Sinywi, bi mkubwa, mpaka mzee aseme."

Kwetu mgeni mwenye haja haonji kahawa mpaka akubaliwe, na ikipoa mbele yake, aibu ni ya mwenye nyumba. Mzee akakohoa nyuma ya pazia.

"Kunywa, binti. Sitakushitaki."

"Mbele ya hawa wote?"

"Wallahi, mbele ya hawa wote."

Akanywa, akaomba cha pili.

Mimi mzazi, nilifurahi. Lakini ningelala vizuri zaidi kama sheria ingemlinda. Kesho huenda akamwokoa mtoto wa mtu asiyeona haya, na huko kahawa haitamsaidia.